Magoti ya Vestina

Mahujaji walipofika kwenye ngazi takatifu ya mji ule wa kigeni, walivua viatu ili wapande kwa magoti, kama ilivyo desturi. Mama Vestina akamshika binti yake mkono.

"Ulipolazwa na ule mguu, nilimwekea Bikira Maria nadhiri. Nilisema ukipona, utapanda hapa kwa magoti."

"Mimi?"

"Wewe, mwanangu."

"Mama! Umeahidi magoti ya mwenzio?"

Wanawake wa jumuiya wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Goti la mguu ule wa binti lilikuwa bado halikunjiki vizuri, naye aliogopa mawili: liharibike tena, au Bikira adanganywe.

Padri aliyewaongoza akamwambia kwa upole, "Mama, nadhiri inamfunga aliyeiweka. Binti yuko huru. Akae pale kwenye benchi atusubiri."

Hilo ndilo kosa letu kina mama. Hofu ikitushika, tunaahidi hata kisicho chetu. Tuwe waangalifu, jamani.

Mama akaanza kupanda peke yake. Hajafika mbali, akasikia mtu anahema ubavuni.

"Sogea, mama, unaziba njia."

"We Vestina! Si umeambiwa uko huru?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Mama akavua mtandio wake, akaukunja, akautandika kwenye jiwe la mbele. Vestina akaliweka goti lake bovu juu yake, akauma meno. Mama akanyoosha mkono nyuma ya mgongo wa binti bila kumgusa, na mbele yao ngazi ilikuwa bado ndefu.