Mkalimani wa Selo

Bi Eufrazia, muuza vitumbua wa Temeke, aliinuka muziki ukiwa haujafika hata nusu, akajongea mbele kwa mikogo, akaweka sumni juu ya piano, kisha akarudi kwenye benchi lake. Memsahibu aliyekuwa akipiga piano hiyo aliitupia sumni jicho moja, akaendelea kupiga.

Karani Didas alitamani ardhi ipasuke immeze. Wiki nzima alikuwa akiwafundisha watu hawa: hii si taarab, hakuna kutuza, hakuna kuongea, na makofi ni mpaka vipande vyote vitatu viishe. Bwana Wilmoti, mkubwa wake wa kazi, ndiye aliyepiga selo, ile fidla kubwa ya kubana kwa magoti. Piano ilipigwa na mkewe. Na Bwana alikuwa amemwahidi Didas usimamizi wa ukumbi huu, pamoja na nyumba ya bati iliyo nyuma yake. Tekla, mkewe Didas, alikuwa keshashona na mapazia.

Hakuahidiwa kwa sababu ya mwandiko mzuri peke yake. Mfukoni mwa koti lake mlikuwa na bahasha aliyopewa na Bwana asubuhi ile, ya nne mwezi huo, haina jina wala stempu. Ilitakiwa ifike nyumba fulani Oyster Bay, mkononi mwa bibi mwenye nyumba mwenyewe, si kwa mpishi. Didas hakuwahi kuuliza kitu, na Bwana alimpenda sana kwa hilo.

Kipande cha kwanza kilipokwisha, Memsahibu aligeuka, akamuuliza Didas kwa Kiingereza watu wanasemaje. Maoni ya wasikilizaji yalitakiwa yaandikwe, ndiyo maana karani alikalishwa pembeni ya piano na daftari lake. Memsahibu alikuwa na miezi sita tu tangu meli imlete kutoka Mombasa, na Kiswahili chote ambacho Didas alikuwa amekisikia kinywani mwake ni "lete chai."

"Haya, mmeuonaje muziki?" Didas aliwauliza watu.

"Mie nimeuelewa vizuri sana," alisema Bi Eufrazia. "Hilo lifidla limelala nje. Sasa limerudi linajieleza, na kila likijieleza linabadilisha maneno. Piano anajua kila kitu, kanyamaza tu. Nimemtuza mwenzangu kwa uvumilivu."

Didas alimgeukia Memsahibu. "Bibi anasema," alitafsiri, "muziki umemkumbusha maua baada ya mvua."

Bwana Wilmoti alitabasamu. Memsahibu alisema maua ni jambo zuri, akafungua ukurasa.

Kipande cha pili kilikuwa cha polepole. Selo ililia, ikashuka chini, ikalia tena, hata Mzee Jamali mchonga vinyago akavua kofia yake akafuta macho. Kilipokwisha hakungoja kuulizwa.

"Mtu mzima kulia vile, inauma," alisema. "Asamehewe, jamani, yaishe."

"Asamehewe na nani, Mzee Jamali?" alidakia Bi Eufrazia. "Machozi yale si ya mkewe. Anamlilia yule wa nje, mbele ya mke, mchana kweupe. Ningekuwa mie huyu mama, ningempigia vidole vyote kumi mpaka sauti yake isisikike." Akamgeukia Didas. "Na karani wetu naye, mmemwona? Kila fidla likilia anajishika mfuko wa koti. Mna kitu mfukoni mle."

Mabenchi yote yalicheka. Didas aliutoa mkono mfukoni kama aliyeshika kaa la moto. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliogopa kwelikweli, akayaona mapazia ya Tekla yakirudi sandukuni.

Memsahibu alikuwa ameinamia vitufe vya piano, akijiuma mdomo. "Na sasa wanasemaje?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Mzee amefarijika sana," alisema Didas. "Bibi anavisifu vidole vyako."

"Na kile kilichowachekesha?"

"Wanafurahi tu, Memsahibu. Ndiyo desturi yao."

Kipande cha tatu kilianza, na hapo piano iliingia na vidole vyote kumi. Selo ilijaribu kusema neno ikafunikwa. Ikajaribu kwa chini, ikafunikwa, ikapanda juu, ikafunikwa huko huko. Bwana Wilmoti alimtazama mkewe mara tatu, akashindwa hata kumpata jicho. Mafundisho ya wiki nzima yakaruka dirishani: kina mama walisimama, vigelegele vikapasua paa, sumni zikarundikana juu ya piano, na Bi Eufrazia akavua kanga yake ya juu akamfunga Memsahibu shingoni.

Bwana, akiwa hoi, aliinama kuwashukuru watu akidhani shangwe zile ni za wote wawili. Kisha akamnong'oneza Didas: "Umefanya kazi safi. Jumatatu hamia kwenye nyumba."

Didas alishusha pumzi iliyomkaa kifuani tangu asubuhi. Yalikuwa yamekwisha, na salama. Alifunga daftari, akamwinamia Memsahibu kumuaga.

Memsahibu alikuwa akiirekebisha kanga shingoni, taratibu, kama mtu aliyewahi kuivaa. Kisha akainua uso na kusema, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa sauti iliyofika mpaka benchi la mwisho:

"Shukrani, Bwana Didas. Umetafsiri yote, isipokuwa lile la mfukoni."

Akanyoosha kiganja.

"Lete."