Kubeba Bure

Mbele ya kikao cha kanisa, Keren alikuwa ameshika kifuniko cha kompyuta, tayari kukifunga. Makadirio aliyoyaandaa ya kujenga kanisa jipya pale Kimemi yalikuwa yameipita sadaka ya waumini, na mchungaji alikwishasema wangoje mwaka kesho.

Ndipo Mama Présidente, kiongozi wa kina mama, alipouliza: «Na siye benye tutabeba mawe na muchanga, ulituweka wapi?»

Keren alishtuka. Bei ya wabebaji alikuwa ameiandika katika kisanduku kimoja tu cha jedwali na kukipa jina: Kubeba. Msingi, kuta, sakafu, kila fomula iliita jina hilo.

«Mama, ni kweli? Hata fondation yote, msingi mzima?»

«Weka bure, mutoto yangu. Mawe ni ya muto, shingo ni yetu.»

Keren aliandika sifuri, akabonyeza kitufe ambacho maandishi yake yalikwishafutika. Tarakimu zikaporomoka ukurasa mzima kama maharage yanayomwagwa kutoka guniani, na jumla ya chini, iliyokuwa nyekundu, ikageuka kijani.

Alicheka kwa sauti, akaigeuza kompyuta ili wote waone.

Kiti cha Mama Présidente kilikuwa kitupu. Mwenyewe alikuwa mlangoni, viatu amevua, akizungusha kitenge chake kuwa ngata ya kubebea mawe kichwani.