Upande wa Pili, Wimbo wa Tatu

“Umechelewa, Sindano. Mwenzako ameshaiwahi,” alisema mwenye duka la santuri, bila kuinua macho kutoka kwenye gramafoni aliyokuwa akiifuta.

Fundi saa aliinama juu ya kaunta kuangalia. Santuri yenyewe ilikuwa pale pale nyuma ya kaunta, imeoshwa, imesimamishwa kwenye kichanja ikauke. Jalada lake lilikuwa kando: wanaume saba wenye mashati ya mistari. Wa tatu kutoka kushoto, aliyeshika tarumbeta, alikuwa baba yake.

Miaka ishirini alikuwa akiitafuta. Ile ya nyumbani iliazimwa na mjomba, na mjomba yule kwake kukopa harusi, kulipa matanga. Baba alishafariki, na mama, ambaye sasa alisikia kwa sikio moja tu, hakuacha kusema neno lile lile: “Nikimsikia mzee akipuliza mara moja tu, sidai kitu tena.”

“Mwenzangu gani huyo?” aliuliza fundi.

“Mwenzako tu.”

Hilo halikuwa jibu. Pale dukani wote waliokuja Jumamosi kupekua masanduku waliitana wenzetu, hata wale ambao wangeng’oana meno kwa ajili ya jalada lisilo na mkunjo. Yeye mwenyewe walimwita Sindano, kwa kuwa aliweza kusimama ng’ambo ya barabara akajua sindano ya gramafoni imechakaa.

“Basi nipigie wimbo mmoja. Upande wa pili, wa tatu. Ndipo mzee anapoingia peke yake.”

“Siwezi. Nimekatazwa kabisa. Eti isikike kwanza nyumbani.” Mwenye duka alitabasamu, na tabasamu hilo lilimwudhi fundi kuliko maneno. “Subira huvuta heri, ndugu yangu.”

Kabla ya kuondoka, fundi alilitazama tena lile jalada. Kwenye pembe kulikuwa na alama ya kidole, ya buluu. Chaki. Kwa hiyo ni mwalimu, akawaza. Tena mwalimu mwenye nyumba kubwa, spika ndefu, na marafiki wa kuwaalika waje wamsikilize baba wa watu.

Nyumbani alimwaga yote mbele ya mkewe, fundi wa mapazia, aliyekuwa ameinamia meza akichora kitambaa.

“Upande wa pili, wimbo wa tatu,” mkewe alisema. “Baba watoto, wimbo wenyewe sijawahi kuusikia, lakini nimeshaukariri. Kula kwanza.”

Hakula. Wivu ulimshika barabara, na hakujisumbua kuuita kwa jina jingine. Jumatano alikwenda kwenye onyesho la bendi changa iliyokuwa ikizindua santuri yake mpya. Watu walisema vijana wale walipiga vizuri sana. Yeye hakusikia kitu, alikuwa akikagua vidole vya watu. Mstari wa nne aliketi bwana mmoja mwenye vumbi jeupe kwenye mkono wa koti, na fundi alimchukia kwa moyo wote hadi wakati wa mapumziko, alipomsikia akimweleza jirani yake kwamba yeye ni mwoka mikate.

Alhamisi alirudi dukani. Santuri ilikuwa imeshakauka, imelazwa juu ya jalada lake.

“Inaondoka kesho,” mwenye duka alisema. “Ngoja nikuletee mpya zilizoingia, upoze roho.” Akaingia stoo.

Fundi alibaki peke yake. Katika mfuko wa shati alikuwa na bisibisi yake ndogo kuliko zote, ya kufungulia saa za kike. Aliigeuza santuri upande wa pili. Akahesabu nafasi zinazotenganisha nyimbo: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tarumbeta ilianzia mbele kidogo tu ndani ya wimbo. Alipajua mahali hapo tangu utotoni, alipokuwa akiitazama santuri ya nyumbani ikizunguka, kidevu mezani.

“Mama yangu hamsikii mzee,” alinong’ona. “Na wewe, mwalimu, hutasikia.”

Akakwaruza mara moja, kwa kina. Kisha akairudisha santuri kama alivyoikuta, na mwenye duka alipotokea na sanduku la santuri mpya, alimkuta mteja wake amesimama mlangoni akitazama barabara.

“Huangalii hata moja?”

“Wiki ijayo.”

Njiani aliona aibu. Kufika kona aibu ikapungua, na alipofika kwake alikuwa akipiga mluzi. Usiku ule alikula sahani mbili.

Jumapili alitimiza miaka hamsini. Hakutaka makubwa, na mkewe alikubali haraka mno. Hata hivyo alipotoka kuoga alimkuta mama yake sebuleni, amevaa nguo yake ya kutokea, ameketi karibu na spika, sikio zima limeelekezwa huko. Chombo cha maua kilichokaa siku zote juu ya gramafoni kilikuwa kimeondolewa.

“Mama, kuna nini?”

“Nimeambiwa nikae, nimekaa,” alisema mama, huku akizuia kicheko kama msichana.

Mkewe alitoka chumbani na kitu cha mraba, kimefungwa kwa kipande cha pazia. Hakumpa yeye akifungue. Alikifungua mwenyewe, taratibu, kwa vidole ambavyo chaki ya buluu ilikuwa haijatoka vizuri kwenye kucha.

“Mama, sogeza kiti,” alisema, akiteremsha sindano. “Upande wa pili, wimbo wa tatu.”