Mlango wa Nyuma

Okot alipanda jukwaa la ukumbi akiwa na sare zake za jeshi, akasimama kifua mbele kana kwamba harusi yake imeshaanza.

"Mama, tutakaa hapa. Watu wote watatuona!"

Tangu asubuhi mama yake alikuwa amekataa kumbi mbili za harusi katika mtaa wa Kawempe bila kusema sababu. Huu wa mtaa wa Namuwongo ulikuwa wa tatu.

"Viti iko mia mbili, mama," alisema mzee mtunza ukumbi. "Na feni inazunguka muzuri."

Mama alivipita viti, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa nyuma. Akausukuma kwa kidole. Ukafunguka wote bila mlio. Nje, kijia kilipotelea kwenye mihogo, kuelekea reli.

Akagusa bawaba. Kidole kikarudi na mafuta mapya.

Mzee akainamisha macho. "Napaka kila Ijumaa. Siku hizi bwana harusi wengi ni askari wa kaskazini, kama huyu wako."

Mwezi ule, kambini, askari wa kaskazini walikuwa wakiitwa kwa majina, wakipandishwa lori, na hawarudi; wengine walifuatwa hata harusini.

"Tunachukua huu," mama alisema. "Meza ya bwana harusi weka hapa, mlangoni."

Okot akaja akicheka. "Mama! Huku nyuma nani ataniona?"

Mama akamfunga kifungo cha mfuko wa kifuani, taratibu, kama alivyomfunga siku ya kwanza ya shule.

"Mimi nitakuona."

Kidole chake kiliacha doa la mafuta mfukoni. Okot akalitazama, kisha akautazama mlango.

Akaenda mwenyewe kuleta meza.