Kamera Ndani ya Kavera

Kwa sababu ya manyunyu, Hasifa aliifunga kamera yake ndani ya kavera nyeusi, mfuko wa plastiki. Alisahau kwamba wachinjaji wa Mbale huwatupia ndege matumbo kutoka kavera kama hizo.

Kalooli, korongo yule mwenye upara, akamrukia na kuidaka kwa mdomo mrefu kama panga.

"Mwachie, dada! Atakutoboa macho!" wachinjaji walipiga kelele.

"Aniachie yeye! Wiki nzima namfuata, ananipa mgongo tu!"

Alivuta. Ndege naye akavuta. Kiganja kilichanika, kavera ikapasuka, lenzi ikachomoza shubiri moja tu kutoka jicho la ndege.

"Kimbia!"

Hasifa akatafuta kitufe cha kupigia picha kwa kidole chenye damu, akasogea mbele.

"Haya, nitazame sasa."