X Mgongoni mwa Bi Kobe

Palikuwa na bonde, na bonde lilikuwa na sheria moja nzuri: asijenge yeyote humo, maji ya mvua yapate njia. Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa Fisi, mwenye kopo la rangi nyekundu. Nyumba yoyote aliyoipiga alama ya X, Tembo aliibomoa bila kuuliza.

Siku moja Fisi alimkuta Bi Kobe amepumzika bondeni, akampiga X mgongoni.

"Mheshimiwa, nyumba hii natembea nayo!" Bi Kobe akafoka. "Mimi mpita njia tu. Mbona lile ghorofa lako limekaa katikati ya mkondo?"

"Lile ni maendeleo," Fisi akajibu, akaenda zake kula.

Tembo alikuwa njiani anakuja, na rangi ilikuwa bado mbichi. Bi Kobe akajikokota hadi kwenye ghorofa la Fisi, akajiinua kwa shida, akaubandika mgongo wake ukutani kwa nguvu zote. Kisha akajisugua kwenye nyasi mpaka akatakata.

Tembo akafika, akaiona X ukutani, akasukuma. Ghorofa likaporomoka lote.

Fisi alikuja mbio, nyama ingali mdomoni. "Mpumbavu wewe! Nani kakutuma?"

"Rangi ni yako, mheshimiwa," Tembo akasema.

"Na sheria ni yako," Bi Kobe akadakia. "Si ulisema maji yapate njia? Haya, yapishe!"