Bangili ya Masanja

Kila mbeba mizigo wa bohari alivaa bangili iliyosikiliza moyo wake. Moyo ukisikika umepumzika, bangili ilimdunga dawa ya misuli na kumwongezea siku za mazoezi ya kunyanyua vyuma. Moyo usipopumzika, ilimpunguzia, na mwenye siku chache aliachishwa kazi.

Masanja alikuwa na siku tatu kwa wiki. Ghafla zikawa sita, na mkewe, Nyamizi, akaanza kuingiwa na shaka.

"Baba Kulwa, unapumzika saa ngapi?"

"Mwili umezoea," alijibu bila kumtazama. "Wewe tibu hayo mafua. Siku hizi unanguruma kama dereva wa lori."

Nyamizi alicheka kidogo. Kweli sauti yake ilikuwa nzito mwezi mzima, ila pua haikuwahi kuziba.

Jumapili baada ya chakula alijilaza kama kawaida, safari hii akijifanya amelala. Masanja aliingia kwa kunyata. Akaivua bangili, akamfunga mkewe mkononi, taratibu, kama anayemvisha mtoto mgonjwa. Kisha akaenda kunyanyua vyuma kwa jirani.

Bangili ilisikiliza, ikawaka kijani. Nyamizi akahisi kitu kama kung'atwa na sisimizi.

Aliinuka, akatoka uani. Pale palikuwa na pipa la maji ambalo siku zote walilibeba wawili. Alilikumbatia, akajaribu kulinyanyua peke yake, likaja jepesi kama kapu la nguo. Akabaki amesimama nalo kifuani, akiogopa kulitua.